Anemoni Hahamishwi kwa Mabavu

Anayefuga matumbawe na samaki wa baharini katika tangi la kioo nyumbani hafiki mbali kabla ya kukutana na kisa hiki: anemoni aliyewekwa kwa uangalifu upande mmoja wa tangi anakutwa asubuhi upande wa pili, amejibana katika ufa wa jiwe, na minyiri yake inayachoma matumbawe yaliyo jirani. Linalofuata ni swali la namna ya kumbandua. Makala haya yatafika huko, hadi kwenye kadi, nyundo na barafu, lakini si kwa haraka, maana swali lenyewe lina kasoro. Kilichobandikwa hutenganishwa kwa nguvu au kwa dawa. Anemoni anashikilia kwa hiari yake, na huachia akipata sababu ya kuachia. Wanaowapoteza anemoni wao katika kuwahamisha, wengi wao wamekosea hapo, kabla hata hawajatia mkono majini.

Tuanze na mwili wake. Anemoni ni mnyama, jamaa wa matumbawe na konyeza, na hana mfupa hata mmoja. Ni kiriba cha misuli kilichojaa maji. Juu kuna kinywa kimoja tu, kinachopokea chakula na hicho hicho kinachotolea taka. Kukizunguka kuna minyiri iliyojaa vijimfuko vya sumu, visivyoonekana kwa macho, vinavyofyatua nyuzi zenye miiba vikiguswa. Chini kuna unyayo, na hapa ndipo penye roho ya habari hii. Unyayo ni bapa la nyama laini lenye misuli inayoweza kulikaza, kulilegeza na kulitambaza, nalo hutoa ute wa kunatia. Nyama ya hapo ni nyembamba, na juu yake moja kwa moja ndipo lilipo tumbo, likiwa limegawanywa na kuta laini. Kwa hiyo unyayo ukichanika vibaya, kinachofunguka ni tumbo. Mnyama ambaye maji ya ndani ndiyo yanayomsimamisha hupoteza umbo, hushindwa kujishika popote, na jeraha lake linabaki wazi kwa bakteria wote waliomo tangini. Akichanika mnyiri mmoja au mitano, si hoja, huota tena. Unyayo hauna msamaha wa namna hiyo.

Kwamba kuachia ni tendo la hiari, kuna ushahidi wa kutosha baharini. Katika maji baridi ya kaskazini mwa Pasifiki yupo anemoni aitwaye Stomphia coccinea. Akiguswa na aina fulani za kiti cha pweza, hung'oa unyayo wake mwenyewe katika muda mfupi, kisha hujipinda huku na huku akiogelea kwa namna yake hadi aende zake. Hakuna aliyemvuta. Mfano wa pili una mafunzo makubwa zaidi kwa mfugaji. Wapo kaa wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono wa baharini na kubeba anemoni juu ya magamba hayo kama ulinzi. Kaa hao, wa jenasi ya Dardanus, wapo Mediterania na wapo pia katika Bahari ya Hindi. Kaa wa aina hii akihamia gamba jipya huwarudia anemoni wake wa zamani na kuwahamisha. Donald Ross, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Kaa huanza kwa kumgongagonga anemoni na kumpapasa kwa miguu na magando yake. Baada ya dakika kadhaa anemoni hulegea, unyayo huinuka, na kaa humnyanyua akamshikilia juu ya gamba jipya hadi ajishike. Huyo ni kaa, mwenye magando yanayoweza kukata nyama hiyo vipande vipande, naye hachani hata ukingo. Mwanadamu mwenye kadi ya benki na subira ya nusu dakika ana la kujifunza hapo.

Anemoni anayevutwa hufanya kinyume kabisa. Hutema maji, hunywea, hukaza misuli na kujibana ndani zaidi ya ufa. Kila unapoongeza nguvu, yeye huongeza mshiko, mpaka kimoja kishindwe, na kinachoshindwa ni nyama. Ndiyo maana swali la kwanza liwe hili: kwa nini yuko pale alipo? Anemoni hatembei ovyo. Wale wanaoishi na samaki wa jenasi ya Amphiprion, ambao watu wengi siku hizi huwaita Nemo kwa sababu ya filamu ya 2003, hulishwa kwa kiasi kikubwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yao na kutengeneza chakula kwa mwanga. Kwa hiyo mnyama huyu anatafuta mambo manne kwa pamoja: mwanga wa kutosha, mkondo wa kumletea hewa bila kumpeperusha, mahali pagumu pa kufichia unyayo, na maji yasiyomuudhi. Akiyapata yote hutulia hata miaka. Akikosa moja huanza safari. Mahali alipohamia ni maelezo yake mwenyewe kuhusu tangi lako, na ukimrudisha ulikomtaka bila kubadilisha kilichomfukuza, wiki ijayo utamkuta amerudi.

Hapo ndipo penye ushauri ambao wafugaji wengi hawapendi kuusikia. Kama anemoni ametulia, amechanua, kinywa kimefumba vizuri na rangi yake imekolea, mwache alipo na uwahamishe jirani zake. Tumbawe lililogundishwa juu ya kipande cha jiwe huhamishwa kwa dakika mbili, na lisipofurahia mahali papya linaweza kurudishwa kesho. Halina unyayo wa kuchanika. Huenda mtu akasema kwamba matumbawe yake ni ghali kuliko anemoni, na kwamba aliyepanga tangi ni yeye, si mnyama. Ni kweli, lakini bei haibadilishi hesabu. Kinachopimwa hapa ni nani kati ya wawili hawa anayehama bila madhara, na jibu halina utata. Zaidi ya hapo, anemoni akifa ndani ya tangi dogo hafi peke yake. Mwili wake huoza haraka na kumwaga amonia, na matumbawe yale yale ya bei kubwa ndiyo yatakayofuata.

Kama ni lazima ahame, mhamishe pamoja na jiwe lake. Hii ndiyo njia bora kuliko zote, nayo inasahaulika kwa sababu ni rahisi mno. Jiwe linanyanyuliwa ndani ya maji, chombo kinapitishwa chini yake, na vyote vinatoka pamoja, anemoni akiwa amezama muda wote. Kwa anayehama nyumba hakuna njia nyingine ya kufikiria. Kwa anayenunua anemoni mpya, hekima ni kumpa tangu siku ya kwanza jiwe la peke yake, la ukubwa wa ngumi mbili, lenye tundu au ufa, lililokaa mchangani mbali na mawe mengine. Kisiwa hicho kidogo humpa makao, na kitamrahisishia mwenye tangi kila jambo la baadaye. Hata aliyekwisha kujishika kwenye jiwe kubwa anaweza kuwekewa vijiwe vidogo vikigusa ukingo wa unyayo wake. Mara nyingi akijitanua hupanda juu ya kimojawapo, na akishakihamia chote, kazi imekwisha bila yeye kujua.

Jiwe lisipotoka, yaani likiwa limebeba nusu ya tangi au limegundishwa na mengine, hufuata njia ya kumshawishi. Elekeza pampu ndogo ya mkondo kwenye ubavu wa unyayo, si kwenye minyiri, na uiache hapo. Maji yanayopita bila kukoma chini yake humkera bila kumjeruhi, naye huanza kujikokota. Au mzibie mwanga kwa kipande cha plastiki nyeusi kilichowekwa juu ya kioo cha tangi, upande ule aliopo tu, huku upande unaomtaka ahamie ukibaki na mwanga mzuri, mkondo wa wastani na ufa uliotengenezwa kwa mawe mawili. Siku mbili tatu zikipita bila dalili usibadilishe mbinu kila saa, maana anemoni anayebughudhiwa kwa namna tano kwa mpigo hajui aelekee wapi.

Pingamizi kubwa kwa njia hii ni kwamba humfanya aondoke bila kumchagulia aendako, na pingamizi hili ni la haki. Anemoni anayetembea ni hatari kwake na kwa wengine. Pampu ya mkondo imewaua anemoni wengi, kwa sababu mnyama laini anayepita mbele ya tundu lake hunyonywa na kusagwa, na tangi zima hujaa vipande vyenye sumu. Kwa hiyo kabla ya kumkera funika kila pampu na kila mdomo wa kunyonya maji kwa sponji yenye matundu makubwa au wavu wa plastiki, na uisafishe kila siku. Ondoa matumbawe yaliyo kwenye njia anazoweza kupita. Ukishafanya hayo, kutojua atakwenda wapi kunakuwa usumbufu, si maafa. Na ikitokea amenaswa kwenye pampu, zima umeme ukutani kwanza, usimvute. Mwache dakika nyingi atoke mwenyewe, na asipotoka, toa pampu nzima ndani ya ndoo ya maji ya tangi na uifungue vipande vipande.

Pingamizi la pili linatoka kwa wajuzi, na linastahili kujibiwa kwa urefu. Husema: mbona wafugaji wanaozalisha anemoni wa kuuza huwakata katikati kwa wembe na nusu zote mbili hupona? Ikiwa mnyama anastahimili kisu, kwa nini tuogope mchaniko mdogo wa unyayo? Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, anayekatwa hivyo kwa kawaida ni Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba, apatikanaye kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Aina hii hujigawa yenyewe mara mbili hata bila kuguswa, kwa hiyo mwili wake umezoea kuziba jeraha la aina hiyo. Aina nyingine kubwa, kama zile za jenasi ya Stichodactyla, hazina desturi hiyo. Pili, wembe hukata mstari mmoja safi unaopita kinywani, na kila nusu hubaki na sehemu ya kinywa, ya tumbo na ya unyayo. Mvuto huchana ovyo, huacha nyama imening'inia, na huacha shimo pale pale anapotakiwa kujishika. Tatu, mzalishaji hukata mnyama mwenye afya, katika tangi lililoandaliwa kwa kazi hiyo. Anayetaka kuhamishwa mara nyingi ni yule aliyekwisha kutangatanga, tayari amechoka. Ushahidi wa kisu unathibitisha tu kwamba aina moja, ikiwa na afya, hupona kutokana na jeraha la namna moja.

Kuna anemoni mmoja ambaye hoja yangu yote humgeukia kinyume, naye ni yule mdogo wa kahawia wa jenasi ya Aiptasia, anayeingia tangini akiwa amejificha kwenye mawe na kuenea kila mahali kama magugu. Huyu huzaa kwa kuacha vipande vya unyayo nyuma yake, na kila kipande huwa mnyama kamili. Ukimkwangua unampanda. Hapaswi kuhamishwa wala kubanduliwa. Toa jiwe lote, au waachie kazi kamba wadogo wa aina ya Lysmata wanaomla.

Sasa tufike pale ambapo hakuna njia nyingine. Hali hizo zipo: tangi limepasuka, anemoni amejishika kwenye kioo cha tangi linalouzwa, au ameziba mdomo wa bomba la kutolea maji. Hapo mkono utaingia, na namna unavyoingia ndiyo kila kitu. Chagua saa ambayo taa zimezimwa kwa muda na mnyama amenywea, kwa maana akiwa ametuna amebeba maji mengi, na uzito huo humrarua yeye mwenyewe akinyanyuliwa. Zima pampu. Kama ana samaki wanaomlinda, watenge kwanza kwa kipande cha kioo au watoe kwa wavu. Jike la Amphiprion huuma mkono unaokaribia makao yake. Meno yake hayana madhara ya kutaja, bali mtu aliyeshtuka hunyofoa mkono ghafla, na mkono huo unaweza kuwa umeshika ukingo wa unyayo.

Mguse kidogo kwenye kiwiliwili ateme maji yaliyobaki. Halafu tafuta ukingo wa unyayo mahali palipo wazi zaidi, na utumie nyama ya ncha ya kidole, si ukucha, kuusukuma kuelekea katikati. Usiuinue juu, uviringishe. Ukingo ukiachia kiasi cha upana wa punje mbili za mchele, ingiza chini yake kadi ya plastiki iliyokwisha muda, pembe zake zikiwa zimesuguliwa kwa msasa hadi ziwe duara. Kazi ya kadi ni kuzuia sehemu iliyoachia isijishike tena. Kadi haikwangui, haichimbi. Mnyama akikaza, simama. Ondoa shinikizo, subiri hadi alegee, kisha endelea kutoka upande mwingine wa duara. Ukiona nyama imegeuka nyeupe na kunyooka kama iko karibu kukatika, umezidisha. Rudi nyuma. Kwenye kioo safi cha tangi jipya kazi hii ni nyepesi, na kwenye kioo chenye mwani ni nyepesi zaidi. Kwenye jiwe lenye matundu ni ngumu kuliko zote, kwa sababu unyayo huwa umeingia ndani ya kila kitundu. Inaweza kuchukua saa nzima, na ikishindikana usiku huu ahirisha hadi kesho. Hakuna aliyeweka saa.

Katika jiwe la namna hiyo heri kuvunja jiwe kuliko kuvunja mnyama. Mawe mengi ya tangi ni chokaa ya matumbawe ya kale, nayo humeguka kwa tindo na nyundo ndogo. Jiwe liwe ndani ya beseni la maji ya tangi, anemoni akiwa amezama au angalau amefunikwa na maji, na tindo igongwe mbali naye ili kipande chenye unyayo kimeguke kikiwa kizima. Kipande kikibaki kikubwa kuliko ulivyotaka, shukuru, maana hicho ndicho kisiwa chake kipya.

Barafu ina mashabiki wengi. Jiwe likiwa nje ya maji, barafu iliyofungwa ndani ya mfuko huwekwa upande wa pili wa jiwe, na baridi inapopenya mnyama huukimbia upande ule na kulegeza mshiko. Kuna nyakati hufanya kazi, hasa kwenye jiwe jembamba. Lakini jiwe nene halipitishi baridi ya maana, na mnyama wa bahari za joto hapendi joto lake kushuka ghafla. Kwa hiyo iwe kwa dakika chache, isiguse nyama, na isitumike ndani ya tangi. Mbinu nyingine nilizozisikia zikisifiwa, kama vile kumpulizia maji baridi yasiyo na chumvi au kumnyunyizia siki, ni ukatili usio na faida. Maji yasiyo na chumvi hupasua seli zake.

Akishaachia, usimshike kwa minyiri wala usimning'inize hewani. Kinga kiganja chini ya unyayo, sogeza chombo chini yake ndani ya maji, na umtoe akiwa ndani ya chombo. Kisha utazame unyayo. Mkwaruzo mdogo ukingoni hufunga wenyewe. Ukiona nyuzi nyeupe laini zinachomoza kupitia tundu, hizo ni sehemu za ndani ya tumbo, na hali ni mbaya. Huyo usimrudishe kwenye mawe. Mweke katika kikapu cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi, kwenye mkondo mwepesi, ambako akifa utamwona na kumtoa mara moja.

Kuhusu usalama wa mwenye mikono, vaa glavu ndefu zisizo na unga ndani. Sumu ya anemoni wengi wa matangi haimfanyi mtu zaidi ya kuwashwa, lakini ngozi ya ndani ya mkono ni laini kuliko ya kiganja, na wapo watu ambao miili yao huipokea vibaya. Usijifute macho. Ukichomwa, suuza kwa maji ya chumvi bila kusugua, na uvimbe ukienea au pumzi ikibana nenda hospitali. Hatari kubwa zaidi haiko kwa anemoni bali kwa jirani yake. Juu ya jiwe lile lile mara nyingi huota makundi ya wanyama wadogo wa rangi walio kama vijua, na baadhi yao wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana katika viumbe hai, iliyotambuliwa na wanakemia wa Hawaii mwaka 1971 kutoka kwa viumbe wa jenasi ya Palythoa. Kwa hiyo unapogonga jiwe kwa tindo vaa miwani ya kazi, na kamwe usichemshe jiwe ili kulisafisha. Watu wamelazwa hospitali, familia nzima pamoja, kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililochemshwa jikoni.

Mahali papya pawe tayari kabla ya kumtoa pa zamani. Entacmaea anataka ufa wa kufichia unyayo huku minyiri ikitokeza kwenye mwanga. Stichodactyla haddoni na Macrodactyla doreensis ni watu wa mchanga, wanaochimbia unyayo chini hadi wapate kitu kigumu, kwa hiyo mchanga wa sentimita mbili hautawatosha. Anemoni mkubwa wa kifahari, Heteractis magnifica, ambaye katika miamba ya pwani yetu huonekana akiwa na samaki Amphiprion akallopisos, hupenda kilele cha jiwe lililo wazi. Awe wa aina yoyote, msimamishe unyayo ukielekea chini, mfunike kwa kikapu cha matundu kilichogeuzwa na kuzuiwa kwa kijiwe, na uache pampu zimezimwa au zimepunguzwa kwa saa kadhaa hadi ajishike. Kama mwanga wa mahali papya ni mkali kuliko wa zamani, upunguze kwa siku za mwanzo.

Kisha umwache. Usimlishe kwa siku nne tano za kwanza. Chakula kikubwa kwa mnyama aliyechoka hutapikwa kikiwa kimeoza. Baada ya hapo kipande cha kamba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo kinatosha. Kunywea mara moja au mbili kwa siku na kutoa uchafu wa kahawia ni kawaida, kwani hubadilisha maji ya ndani kwa njia hiyo. Kinywa kilichoachama siku nzima, tumbo lililotokeza nje na nyama inayokatika ikiguswa si kawaida. Pima amonia kila siku wiki ya kwanza, na isomeke sifuri. Chumvi iwe takribani gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto kati ya nyuzi 24 na 27. Kwa anayefuga Mombasa, Dar es Salaam au Muscat hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Joto la bahari la 1998 liliyapausha matumbawe ya pwani yote ya Kenya na Tanzania kwa kuyafanya yatapike mwani wao, na anemoni anaishi na mwani wa jamii hiyo hiyo. Kumhamisha katika wiki za joto kali, au wakati umeme unakatika kila jioni, ni kumwongezea mzigo. Subiri msimu upoe.

Atakayeona subira hii imezidi azingatie umri wa mnyama huyu. Mwaka 1828 mwanasayansi wa Uskoti, Sir John Dalyell, alimchukua anemoni mmoja mdogo ufukweni North Berwick na kumweka katika chombo cha kioo. Mnyama huyo aliendelea kuishi baada ya Dalyell mwenyewe kufa, akapita mikononi mwa watunzaji kadhaa, na alikufa mwaka 1887, baada ya karibu miaka 60. Wiki tatu za kumshawishi ajikokote sentimita ishirini ni kitu gani mbele ya maisha ya namna hiyo?

Na akifa licha ya yote, mtoe siku hiyo hiyo, badilisha sehemu ya maji, na usinunue mwingine mpaka tangi litulie na chanzo kijulikane. Anayeishi pwani anaweza kushawishika kwenda mwambani maji yakipwa na kung'oa mbadala. Asifanye hivyo. Anemoni wa mwambani huwa nyumba ya samaki ambao hawana pa kwenda akiondolewa, atang'olewa kwa mabavu yale yale tuliyoyakataa, na katika Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, kuchukua kiumbe chochote ni kosa la jinai.